Serikali ya Kijiwe: Namna Vyama vya Waendesha Bodaboda Vinavyojitawala

Katika miji ya Tanzania, na katika vijiji vingi pia, pikipiki ya kuchukua abiria imekuwa chombo cha kila siku. Mtu atazamaye juu juu huwaona vijana wameketi juu ya pikipiki zao chini ya mwembe au penye njia panda, wakingoja abiria, na huenda akadhani kwamba ni kundi lisilo na mpango, lililokusanywa na bahati tu. Dhana hiyo si sahihi. Mahali pale aghalabu pana jina, pana mipaka, pana viongozi waliochaguliwa, pana hazina, pana sheria na pana adhabu. Mgeni hawezi kuegesha pikipiki yake hapo akachukua abiria bila idhini, wala mwenyeji hawezi kufanya apendavyo bila kuulizwa. Pale pana serikali ndogo.

Makala haya yanaeleza namna serikali hiyo inavyofanya kazi: jinsi inavyompata mwanachama, inavyochagua viongozi, inavyokusanya fedha, inavyohukumu, na inavyosimama mbele ya serikali kubwa kutetea haki za watu wake. Mfano mkuu ni Dar es Salaam, ingawa Kenya na Uganda zitatajwa pale panapohusika. Maneno yatapewa nafasi sawa na mambo yenyewe. Sehemu kubwa ya sheria za vyama hivi haijaandikwa popote, na sheria isiyoandikwa haina ghala jingine ila maneno ya wale wanaoifuata.

JINA NA MAHALI

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako tangu miaka ya 1960 wenye baiskeli waliwachukua wasafiri kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja mpaka kituo cha nchi ya pili. Wachukuzi hao walinadi kazi yao kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka kwa sauti za lugha zao na kulirudia: boda, boda. Baadaye, katika miaka ya 2000, pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoenea, jina lilihama kutoka kwenye baiskeli likaingia kwenye pikipiki, likafika Tanzania, na leo latumika hata mahali palipo mbali na mpaka wowote kwa mamia ya maili. Pikipiki lenyewe, kama mwenzake tukutuku, ni neno la kuiga sauti ya chombo. Katika usemi wa sasa maneno haya yamegawana kazi: pikipiki ni chombo, bodaboda ni biashara, na bodaboda likipewa upatanisho wa ngeli ya watu, huwa ni mwendeshaji mwenyewe, kama vile «bodaboda wangu hajafika».

Mahali wanapongojea abiria huitwa kijiwe. Shina la neno hili ni -we, lile la jiwe na mawe; na kwa kuwa ni la silabi moja, linapotiwa katika udogo huchukua ki- na ji- kwa pamoja, kama kijiti cha mti na kijito cha mto. Kwa asili, basi, kijiwe ni jiwe dogo. Katika lugha ya vijana wa mjini neno hilo likapewa maana ya mahali wanapokaa wasio na kazi kupiga soga. Kisha, kazi ya bodaboda ilipowapata vijana wale wale mahali pale pale, kijiwe kikawa mahali pa kazi. Hatimaye neno likapata maana ya tatu, nayo ndiyo inayohusu makala haya: kijiwe ni watu wenyewe na mamlaka yao. Mtu husema «kijiwe kimekataa» au «kijiwe kimemfukuza», na hapo hakuna tena jiwe wala mahali, bali uamuzi wa jamii.

Njia hii si mpya katika Kiswahili. Baraza kwa asili ni benchi la mawe na chokaa lililojengwa mbele ya nyumba za pwani, wanapoketi wanaume jioni. Likawa jina la mazungumzo ya hapo, kisha la mkutano wa wazee, na mwisho likawa Baraza la Mawaziri. Kikao kimetokana na kukaa, na mwenyekiti ni mwenye kiti. Kiswahili hujenga mamlaka juu ya kuketi, na kijiwe kimefuata njia ya baraza hatua kwa hatua. Katika Kenya na Uganda neno lililotumika ni lile la Kiingereza la kituo cha magari, ambalo kwa Kiswahili cha Kenya hutamkwa steji, na kiongozi wake ni mwenyekiti wa steji. Maneno yamepita njia mbali mbali, lakini mpango unafanana sana.

SABABU YA KUUNGANA

Ili kuelewa serikali ya kijiwe, hapana budi kwanza kujua kwamba wengi wa waendesha bodaboda hawamiliki pikipiki. Mwenye pikipiki huitwa tajiri au bosi. Neno tajiri hapa limehifadhi maana yake ya zamani ya mfanyabiashara aliyeajiri watu, na haimpasi tajiri huyo kuwa na mali nyingi. Huenda akawa mwalimu au muuguzi mwenye pikipiki moja. Mwendeshaji humpelekea kiasi cha fedha kilichokubaliwa kila siku au kila juma, nacho huitwa hesabu. Njia ya pili ni mkataba, ambapo mwendeshaji hulipa kwa muda uliopangwa, na muda ukiisha pikipiki inakuwa mali yake.

Jambo hili lina maana kubwa kwa umbo la chama. Katika kazi za kawaida tajiri humlipa mfanyakazi; katika bodaboda mfanyakazi ndiye amlipaye tajiri, na abiria wasipopatikana hasara ni ya mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Mwendesha bodaboda hajulikani vema yuko upande gani: hana mshahara wa kudai, hana likizo ya kuomba, wala mara nyingi hana karatasi inayomtaja kuwa mwajiriwa wa mtu. Kwa sababu hiyo chama cha wafanyakazi, kama kile cha makuli wa bandarini au cha watu wa reli, hakikumfaa. Alichohitaji ni chama cha kumlinda dhidi ya mambo yanayompata barabarani: ajali, wanyang'anyi wa usiku wanaowaua waendeshaji kwa ajili ya pikipiki, ukamataji wa askari, na wageni wanaokuja kunyakua abiria wake.

Mambo ya namna hii yana historia ndefu katika Afrika ya Mashariki. Vyama vya ngoma ya beni, vilivyoanza katika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, vilikuwa na vyeo, michango na wajibu wa kuzikana, kama Terence Ranger alivyoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1975. Kijana aliyehamia mjini hakuwa na ukoo wa kumzika, na chama kikawa ukoo. Kijiwe kimerithi kazi hiyo, ingawa hakuna aliyekirithisha kwa makusudi.

KATIBA YA KARATASI NA KATIBA YA KINYWA

Chama cha kijiwe kilichokwisha kuandikishwa kina katiba. Maneno katiba, katibu, kitabu na maktaba yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Kwa hiyo katiba kwa asili ni kitu kilichoandikwa, na katibu ni mwandishi. Karatasi hii aghalabu hufuata umbo linalofanana mahali pengi: jina la chama na makao yake, madhumuni, sifa za mwanachama, haki na wajibu wake, kukoma kwa uanachama, viongozi na muda wao, mikutano na akidi, mapato na matumizi, kubadili katiba, na kuvunjika kwa chama. Atafutaye ndani yake sheria juu ya nani amchukue abiria anayetoka dukani upande wa pili wa barabara hataiona.

Sababu ni kwamba katiba hiyo imeandikwa kwa ajili ya msomaji aliye nje. Ibara ya 20 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inawapa watu uhuru wa kushirikiana, lakini uhuru huo hutumika kwa njia ya kuandikishwa. Sheria ya Vyama ya mwaka 1954 ingali msingi wa kusajili vyama, na vikundi vidogo hutambuliwa na halmashauri za miji na wilaya. Benki nayo hutaka katiba kabla ya kufungua hesabu ya kikundi. Tena, tangu mwaka 2018 sheria imezilazimu halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kisichoandikishwa hakiwezi kuiomba. Katiba ya karatasi ni mlango wa kijiwe kuelekea nje.

Ndani ya kijiwe inatawala katiba ya pili, nayo ni ya kinywa. Hiyo ndiyo inayosema kwamba abiria aliyepiga simu kwa jina ni wa yule aliyeitwa, lakini abiria aliyefika kwa miguu ni wa aliye mbele katika foleni. Au, katika vijiwe vingine, kwamba abiria huchagua mwenyewe na hakuna ruhusa ya kumvuta mkono. Hiyo ndiyo inayosema kwamba abiria mgonjwa au mama anayekaribia kujifungua hapelekwi kwenye foleni bali kwenye pikipiki iliyo karibu. Inaeleza pia nauli ya chini ambayo mtu asipite, maana mwenye kushusha bei peke yake huvunja soko la wote. Neno linalotumika kwa sheria hizi ni utaratibu, na mara nyingi husemwa bila mwenyewe: «utaratibu wa hapa ni huu». Hausemwi kuwa umetungwa na nani wala lini. Hii ndiyo sarufi ya kawaida ya desturi katika lugha nyingi.

MWANACHAMA NI NANI

Swali gumu kuliko yote katika serikali ya kijiwe ni hili: aliye mwanachama ni mtu au ni pikipiki? Katiba ya karatasi hujibu kwamba ni mtu. Mwombaji huleta barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anapoishi, leseni ya udereva na mdhamini aliye mwanachama, hulipa kiingilio, huandikwa daftarini, na katika vijiwe vingi hupewa namba, ambayo huenda ikapigwa chapa katika kizibao chake. Pikipiki ikiuzwa au ikirudishwa kwa tajiri, namba hubaki na mtu.

Neno lenyewe linaunga mkono jibu hili. Mwanachama limeundwa kama mwananchi na mwanasheria: mwana ni mtoto, naye ni mtoto wa chama. Tajiri, ingawa pikipiki ni yake, si mwana wa kijiwe. Hana sauti kikaoni. Kwa hiyo mali imetengwa na kura. Aliye na chombo hana kura, na aliye na kura mara nyingi hana chombo. Ni vigumu kupata katika biashara nyingine chama ambacho mgawanyo huo umewekwa wazi kiasi hiki.

Lakini kuna mtu wa tatu, naye ndiye anayeitia katiba hiyo mashakani. Huyu ni deiwaka. Neno limetoka katika Kiingereza, likiwa na maana ya mfanyakazi wa kutwa, na lilisikika kwanza katika mabasi ya daladala. Deiwaka huazimwa pikipiki na mwanachama aliyechoka, aliyeugua au aliyekwenda msibani, akafanya kazi kwa saa chache au siku chache, akamrudishia mwenyewe sehemu ya mapato. Namba iliyo mgongoni mwake si yake. Anafungwa na utaratibu wote wa kijiwe na hutozwa faini akiuvunja, ila jina lake halimo daftarini na hana kura. Katika istilahi za utawala, huyu ni mtawaliwa asiye raia.

VIONGOZI NA KIKAO

Viongozi wa kijiwe kwa kawaida ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, pamoja na wajumbe wachache wa kamati. Aghalabu huongezwa kiongozi wa nidhamu, ambaye kazi yake ni foleni, usafi wa mahali na ulevi kazini. Juu ya kijiwe huwa na uongozi wa kata, kisha wa wilaya na wa mkoa. Ngazi hizi zimefuata ngazi za serikali na za chama tawala, jambo lisilo la ajabu katika nchi ambayo mabalozi wa nyumba kumi wamekuwako tangu miaka ya 1960. Umbo la utawala lililozoeleka ndilo linaloigwa kwanza.

Neno mjumbe lastahili kutazamwa. Kwa asili ni mtu aliyetumwa, na ni ndugu wa jumbe, jina la mtawala wa mji katika pwani ya Mrima, ambalo Wajerumani walilifanya cheo cha mkuu wa kijiji aliye chini ya akida. Katika lugha ya Dar es Salaam pia yupo kijumbe, naye ni mtu anayekusanya fedha za mchezo wa upatu. Hivi neno moja limegawanyika mara tatu: aliyetumwa, anayetawala, na anayetunza fedha za wenzake. Kiongozi wa kijiwe hutakiwa kuwa yote matatu, na magomvi mengi hutokea pale anapodhani kuwa yeye ni wa pili kabla ya kuwa wa kwanza.

Uchaguzi hufanywa mara nyingi kwa kunyosha mikono, na methali inayotajwa ni «wengi wape». Hata hivyo wingi si kila kitu. Anayetafutwa ni mtu anayejua kusema na askari bila kutetemeka na bila kutukana, ambaye simu yake hupokewa usiku wa manane mwenzake anapopata ajali. Umri na muda aliokaa kijiweni huhesabiwa sana, kwa kuwa aliyekuwapo tangu mwanzo ndiye kumbukumbu ya katiba ya kinywa. Kwa sababu hiyo mwenyekiti mzee akiondolewa, kijiwe hupoteza kiongozi na pia nakala ya sheria zake.

Kikao chenyewe ni jambo la kuvutia kwa mwenye kuchunguza lugha. Vijana ambao dakika chache zilizopita walikuwa wakiitana «mwanangu» na «kaka», kwa maneno ya mtaani ambayo mzee wa jirani hayaelewi, kikao kikifunguliwa huanza kusema «ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe», huomba kutoa hoja, huunga mkono, na hutaja akidi. Neno ndugu kwa matumizi haya ni urithi wa siasa ya Ujamaa. Wengi wa wanaolitumia walizaliwa baada ya siasa hiyo kuachwa. Hubadili usemi kwa sababu wanabadili cheo: nje ya kikao ni marafiki na washindani, ndani ya kikao ni raia. Usemi rasmi humwezesha mtu kumshtaki rafiki yake bila kuvunja urafiki, maana anayemshtaki si yeye bali ni «mjumbe».

Katibu huandika muhtasari. Neno hili kwa Kiarabu ni kilichofupishwa, na kwa hakika ufupi ndio sifa yake. Kitabu cha muhtasari huonyesha kufunguliwa kwa kikao, taarifa ya mapato na matumizi, na azimio. Mabishano ya saa nzima juu ya nani alimnyang'anya nani abiria huandikwa kwa mstari mmoja chini ya kichwa cha «mengineyo», au hayaandikwi kabisa. Mtafiti atakayetegemea daftari peke yake atapata picha ya chama chenye amani nyingi kupita kiasi.

FEDHA ZA CHAMA

Fedha za kijiwe zina majina manne, na kila jina lina sheria yake. Kiingilio hulipwa mara moja, nacho ni bei ya kuingia. Ada hulipwa kwa kila juma au mwezi. Neno ada kwa Kiarabu ni desturi, na katika Kiswahili cha zamani lilimaanisha pia malipo ya desturi aliyopewa mganga au fundi. Ni mfano mzuri wa desturi iliyogeuka kuwa fedha. Mchango hutolewa kwa jambo maalumu: mwanachama amelazwa, amefiwa au ameoa. Mwisho kuna faini, neno la Kiingereza, ambayo hutozwa kwa kosa.

Mbali na hayo vijiwe vingi huwa na upatu, ambao wanachama huweka kiasi sawa kila siku na mmoja wao huchukua jumla kwa zamu. Upatu kwa asili ni sahani ya madini ipigwayo ngomani. Upatu si mali ya chama kwa katiba ya karatasi, na wasioutaka hawalazimishwi. Lakini asiyeaminika katika upatu hawezi kuchaguliwa mweka hazina. Hivyo mchezo umekuwa mtihani wa uongozi.

Katika msiba, rambirambi ambayo hapo kale ilikuwa maneno ya pole tu, leo ni fedha zinazohesabiwa na kutangazwa. Kijiwe humsindikiza marehemu kwa msafara wa pikipiki, na kiasi cha rambirambi huwa kimepangwa kwa mwanachama, kwa mke wake, kwa mzazi na kwa mtoto. Hapa karatasi na kinywa hukubaliana kuliko mahali pengine popote, maana hakuna anayetaka kubishana juu ya kifo.

MAKOSA NA ADHABU

Makosa hugawanyika mafungu mawili. La kwanza ni makosa dhidi ya mwenzako: kuruka foleni, kushusha nauli, kutukana, kutomrudishia mwenzako alichokuazima. La pili ni makosa dhidi ya jina la kijiwe: kumwibia abiria, kumbeba mwizi kwa kujua, kuendesha ukiwa umelewa. Kosa la kwanza huishia kwa faini au kusimamishwa kwa siku chache. La pili huweza kuleta kufukuzwa. Aliyesimamishwa huambiwa asikae kijiweni, na adhabu hiyo ni nzito kuliko inavyosikika, kwa kuwa hesabu ya tajiri haisimami pamoja naye. Siku tatu bila kijiwe ni siku tatu za deni.

Uzito wa katiba mbili huonekana vema kwa mfano wa kubuni. Mwanachama amemwazima deiwaka pikipiki, na deiwaka amegongwa na gari akavunjika mguu. Katiba ya karatasi inasema kwamba msaada wa matibabu ni wa wanachama. Mwanachama anadai kwamba namba iliyokuwa barabarani ni yake, ada yake imelipwa, na kwa hiyo msaada utoke. Mweka hazina anajibu kwamba aliyelazwa hayumo daftarini. Mzee wa kijiwe anakumbusha kwamba deiwaka huyo alitozwa faini mwezi uliopita, na fedha zake zimo katika hazina ile ile. Hoja hii ya tatu haimo katika karatasi yoyote, lakini ni hoja ya haki: anayeadhibiwa na sheria anastahili pia kulindwa nayo. Njia ya kawaida ya kutoka ni kupitisha bakuli. Hazina haiguswi, katiba haivunjwi, na mtu anapata chochote. Mchango umeokoa siku, ila swali limeachwa kama lilivyokuwa.

MBELE YA SERIKALI

Kijiwe hutetea haki za watu wake kwa kusema na wakubwa. Tanzania ilitunga kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, na wajibu wa kuvaa kofia ngumu umo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Katika miaka ya 2010 bodaboda zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji la Dar es Salaam, na tangu hapo jambo hilo limekuwa la kujadiliwa mara kwa mara baina ya wakuu wa mkoa na viongozi wa waendeshaji. Katika majadiliano ya namna hiyo mwenye kusikilizwa ni yule aliye na barua yenye mhuri, na hapo katiba ya karatasi hulipa gharama zake.

Lakini mhuri una bei. Serikali inayomtambua mwenyekiti humtaka pia awajibike: ataje wahalifu, ahimize kofia ngumu, akusanye majina. Wanachama wake humtaka atoe pikipiki zilizokamatwa. Akiegemea upande mmoja huitwa kibaraka. Akiegemea wa pili huambiwa kuwa ameshindwa kuwatawala watu wake. Mwezi wa Machi 2022 kundi la waendesha bodaboda mjini Nairobi lilimshambulia mwanamke aliyekuwa akiendesha gari, na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo, akaamuru msako juu ya waendeshaji. Baada ya siku chache msako huo ukasitishwa. Tukio hilo lilionyesha mambo mawili kwa mara moja. Kundi likikusanyika barabarani nje ya steji zake halina mwenyekiti wala katiba, na umma hauwezi kulitofautisha na chama. Kosa la wachache hulipwa na wote, hata na wale ambao vijiwe vyao vina utaratibu mzuri.

HITIMISHO

Kijiwe hutawaliwa na katiba mbili. Ya karatasi hutazama nje, na bila hiyo hakuna benki, mkopo wala mazungumzo na mkuu wa wilaya. Ya kinywa hutazama ndani, na bila hiyo vijana 30 wenye pikipiki 30 hawawezi kugawana abiria wa njia panda moja hata kwa siku moja bila kupigana. Nguvu ya chama ipo katika kuziweka zote mbili bila kuzichanganya. Udhaifu wake upo pale ambapo mtu amefungwa na moja na kusahauliwa na nyingine, naye ni deiwaka. Chama kinachodai haki kwa serikali kitaulizwa siku moja kwa nini hakikumpa haki hiyo mtu anayekalia pikipiki yake, na jibu litalazimika kutoka kikaoni.

Kwa wanaoshughulika na kamusi, kazi iliyopo ni ya haraka. Kijiwe, hesabu, mkataba, deiwaka na kijumbe ni maneno ya sheria hai yenye maana zilizokatwa kwa makini na watumiaji wake. Hayafai kuwekwa kando kwa alama ya «lugha ya mitaani» na kuachwa hapo. Baraza nalo liliwahi kuwa benchi la mawe tu.